Gitaa Lililotundikwa Juu ya Mafiga

Lusaka,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Yeremia,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu mama alitufundisha kwamba mkubwa anaamkiwa hata siku umemkasirikia, na mimi leo nimekukasirikia kweli kweli. Ungekuwa mbele yangu ningekuamkia kwanza, halafu ningekufokea. Basi pokea vyote viwili kwa utaratibu huo huo.

Hamjambo nyumbani? Wifi Marta mgongo wake umepoa, au bado anainama kwa taabu? Na maharage ya shamba la juu, mmeshayang'oa au mvua imeyawahi? Nauliza kwa moyo wote, usidhani hasira imenisahaulisha shamba. Kila nikipika maharage ya huku nawakumbuka nyumbani, maana haya yanachemka tangu asubuhi na bado ukiyatafuna yanakujibu.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako yuko safarini na lori, atarudi mwisho wa wiki. Mimi bado niko kwenye karakana ya mzee Banda, natengeneza spika na magitaa, na Jumamosi tunapiga kwenye harusi na kundi letu. Shida yetu kubwa ni umeme. Mgao wa huku hauzoeleki: umeme unakuja saa chache tu, tena bila taarifa. Spika zinasubiri mezani, mteja amesimama mlangoni ameshika kiuno, na mimi nimekaa na chuma cha kulehemu kilichopoa. Umeme ukirudi tunakimbizana wote kama watu wanaoanua mahindi mvua ikija. Mwezi huu kuna siku tumefanya kazi saa mbili tu, na kodi ya karakana haijui mgao.

Harusi nazo zina vituko vyake. Juzi nimesimama jukwaani na gitaa langu begani, mshereheshaji akanijia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, unamshikia nani hilo gitaa?" Nikamwambia namshikia mwenyewe, na mwenyewe ndiye mimi. Wenzangu walicheka mpaka wakashindwa kukaza nyuzi. Mimi sikucheka sana. Nimepiga gitaa tangu nilipokuwa darasa la saba, na bado kila harusi naanza kwa kutoa ushahidi.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha chini kuandika. Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu ungenikatisha, ungecheka kile kicheko chako, ungesema, "Aa, Rebeka na wewe, unayakuza mambo," halafu salio lingeisha. Barua haikatishwi. Nampa dereva rafiki wa shemeji yako anayepeleka mzigo mpaka Singida, naye ataikabidhi kwa kondakta wa basi linalopita Katesh. Uisome ukiwa umekaa, na uisome peke yako kwanza.

Ni yale maneno yako ya redioni. Mama ameyaamini, kaka. Hilo ndilo jambo lenyewe. Kama ungenisema mimi, ningenuna siku mbili nikaendelea na kazi. Lakini mama yetu, kwa umri wake na huu usahaulifu uliomwingia, ameyachukua maneno yako akayaweka mahali ambapo kumbukumbu zake zilikuwa, na sasa anaona ndivyo ilivyokuwa.

Nikueleze nilivyoyasikia. Ilikuwa Alhamisi mchana, umeme hakuna, tumekaa karakanani mimi, mzee Banda na Chanda anayetupigia besi. Mazungumzo yakafika kwenye magitaa yetu ya kwanza ya umeme. Unajua wanamuziki wakikaa bila umeme hawana lingine. Chanda akasema lake alilitengeneza mwenyewe kwa ubao wa kitanda cha bibi yake, akaweka waya za breki za baiskeli, na cha kunasia sauti akakitoa kwenye mkono wa simu ya mezani iliyokufa. Bibi akalala chini wiki tatu bila kujua ubao umekwenda wapi. Mzee Banda akasema la kwake liliingia nyumbani ndani ya gunia la mkaa ili mke wake asilione, na mpaka leo likilowa linatoa maji meusi. Tulicheka sana.

Wakanigeukia mimi. Nami siku hiyo nilikuwa na hazina mfukoni. Asubuhi mtoto wa shangazi alikuwa amenitumia kwenye simu sauti ya kipindi cha redio ya huko kwetu, akaniandikia, "Sikiliza kaka anavyotamba." Nilikuwa sijasikiliza bado, niliiweka kwa ajili ya wakati mzuri. Nikawaambia, "Subirini. Badala ya mimi kueleza, kaka yangu mwenyewe atawaeleza, yuko redioni." Nikaweka simu ndani ya ndoo tupu ili sauti iwe kubwa, wakasogea. Nikaanza kuwatafsiria. Nilikuwa na majivuno, kaka, nisikufiche.

Mtangazaji akasema wanamuziki wa zamani wa Mbulu na Hanang wanakumbuka magitaa yao ya kwanza ya umeme. Wa kwanza akaeleza baba yake alivyolipasua lake kwa shoka akachemshia maji ya kuoga. Watu studioni wakaangua kicheko. Wa pili bibi yake alimwambia hilo dude lilale nje na mbuzi, na mbuzi wakala mkanda. Wakacheka tena. Nikawatafsiria, na Chanda akapiga mapaja. Halafu mtangazaji akasema, "Na wewe mzee Yeremia, mama alilipokeaje?"

Nakujua, kaka. Nilikusikia ukitafuta cha kuwashinda wenzako.

"Mimi mama yangu alilitundika juu ya moto," ukasema.

"Juu ya moto!"

"Juu ya moto kabisa. Hakutaka hata kulisikia. Alisema ni kitu cha shetani, acha kiungue. Mimi natoka kuchunga, nakuta kitufe kimeyeyuka, gitaa jeusi kama sufuria!"

Studio nzima ikalipuka. Mtangazaji akawa anasema, "Jamani huyu mama! Jamani huyu mama!" Na wewe, Yeremia, ukacheka nao.

Mimi nilikuwa nimetafsiri mpaka "mama yangu". Chanda akaniuliza, "Amesema nini? Mbona wanacheka?" Nikamwambia betri ya simu inaisha, nikaitoa kwenye ndoo nikaizima. Betri ilikuwa nzima. Nilishindwa kumwambia mgeni kwamba kaka yangu ameuza jina la mama yetu kwa kicheko cha nusu dakika.

Kitu cha shetani! Mama yupi huyo, kaka? Yule aliyetuzaa au umepata mwingine? Ngoja nikukumbushe ya yule ninayemjua mimi. Nina haki ya kueleza, maana mimi ndiye niliyekuwa jikoni. Wewe jikoni ulikuwa unaingia kula tu.

Gitaa lile halikuanguka kutoka mlimani. Ile bendi iliyokuwa inazunguka minadani iligombana pale Katesh, wakaanza kugawana vyombo mchana kweupe katikati ya watu na ng'ombe. Wewe ulirudi nyumbani hujala, hujasema, umekaa juu ya kinu unapapasa mpini wa jembe kwa vidole kana kwamba una nyuzi. Mama alikutazama. Kesho yake akatoka na mtamba wake, yule mwenye doa jeupe, aliyepewa na baba yake kabla hajafa. Hakuwa mtamba wa nyumba, alikuwa wa kwake. Alirudi bila mtamba, na gitaa kalifunga kwenye shuka ya mgolole. Shangazi akamwuliza kama ameugua malaria. Mama akamjibu, "Kijana wangu vidole vyake vinatafuta kazi. Nimevipatia." Huyo ndiye aliyesema ni kitu cha shetani?

Na betri ya gari, unakumbuka? Umeme ulikuwa hadithi ya mjini. Tulilipigia gitaa kwenye ile redio kaseti uliyoipasua mgongo ukaunganisha waya, na betri ilipokwisha ilibidi ipelekwe Katesh kuchajiwa. Wewe ulikuwa unachunga, basi mama alikuwa anaipeleka siku ya mnada. Akishuka kwenye lori barabarani anapanda nayo mlima, kaifunga mgongoni kwa mbeleko kama mtoto, watu wanamcheka njiani. Tindikali ilimtoboa khanga mbili. Ile ya kijani aliipenda sana. Alizikata akafanya vitambaa vya kupangusia nyuzi, akaendelea.

Sasa huo moto. Haikupita miezi miwili, mimi nikifagia asubuhi nikaona chini ya gitaa, pale ulipoliegemeza ukutani, kuna vumbi jeupe laini. Nikafagia. Kesho yake likarudi. Nikamwita mama. Aliinama akalichota kwa kidole, akalinusa, akasema, "Dumuzi hao." Alilijua lile vumbi maana ndilo linaloanguka kwenye mahindi yakishatobolewa. Akageuza gitaa, akaliweka sikioni, akaniambia nisikilize. Niliwasikia wakitafuna, kaka. Gitaa letu lilikuwa linaliwa kutoka ndani.

Mama alifanya nini? Alifanya lile ambalo mama yake alimfundisha kwa kitu ambacho huwezi kukubali kiliwe. Alilipaka majivu, akalifunga kamba shingoni, akalitundika juu ya mafiga pamoja na mahindi ya mbegu. Sikiliza vizuri: pamoja na mbegu. Chakula cha kula tulikiweka ghalani, panya wakichukua wamechukua. Juu ya moshi panawekwa kile ambacho kikiharibika mwakani hamna shamba. Gitaa lako lilitundikwa hapo.

Na hakulitundika ovyo. Ile kamba aliifunga mafundo matatu. Fundo la chini la siku ya uji na chai, moto mdogo. La kati la ugali na maharage. La juu kabisa la siku ya wageni, sufuria kubwa na magogo. Kabla ya kuongeza kuni unapanda kwenye kigoda, unanyoosha mkono kupima joto, halafu unalipandisha gitaa fundo moja. Asubuhi unaligeuza, mgongo unakuwa tumbo. Kila jioni ulipolishusha ukapige na kwaya, lilikuwa limeshapanguswa. Ulidhani linajipangusa?

Ndivyo nilivyojifunza mimi. Nikilipangusa nilikuwa nazigusa nyuzi kwa ule ukucha wa kidole gumba, polepole, mama akijifanya hasikii. Siku moja akaniambia, bila kugeuka kutoka kwenye mwiko, "Ule wa jana ulikuwa mzuri zaidi." Huo ndio wimbo wangu wa kwanza na huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Ukinisikia leo napiga, unasikia jiko lile.

Ni kweli hakujua kwamba kitu cha umeme hakitundikwi kama gunzi. Nani angemwambia? Zile sumaku za kunasia sauti zilishika masizi, sauti ikawa nzito, ya puani. Lakini kwaya nzima ilijengwa juu ya sauti hiyo. Watu walikuwa wanatoka Gendabi kwa miguu kuja kusikiliza gitaa la moshi, wakiliita hivyo hivyo. Na yule mwalimu wa Gendabi aliyenunua gitaa la pili la bendi ile ile, akaliweka kabatini kwa heshima zote, liko wapi? Tuliambiwa alilishika shingo siku ya mahafali ya shule, shingo ikabaki mkononi na tumbo likamwagika unga mbele ya wazazi. La kwako mpaka leo liko ukutani sebuleni, na ndilo lililokufanya uitwe redioni. Lipo kwa sababu ya moto huo unaoucheka.

Watu wanamwita Mama Yeremia. Hawamwiti Mama Rebeka, hata mimi nikiwa nyumbani hawamwiti hivyo. Amebeba jina lako miaka yote hii. Ulipokuwa unamchekesha mtangazaji ulikuwa unamsema mtu anayeitwa kwa jina lako, na wewe hata hilo halikukushtua.

Wifi Marta ananiambia kipindi kimerudiwa mara tatu kwa kuwa wasikilizaji wamekipenda. Ananiambia wakitoka ibadani vijana wanamwambia mama, "Bibi, leo usituchomee kinanda." Mama anacheka nao. Anacheka kwa sababu ni mwungwana, halafu akifika nyumbani anakaa na kuangalia mafiga.

Hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito, lakini nimeapa nitaandika yote.

Kuhusu kitufe hukutunga. Uliambiwa. Uliambiwa na mama mwenyewe, nami nilikuwepo nikanyamaza, na nimenyamaza mpaka leo hii ninapoandika.

Ilikuwa siku ya kupukuchua mahindi. Majirani walikuja kutusaidia, uwanja umejaa watu, nami niliachiwa sufuria kubwa ya makande. Mama aliniambia kabla hajatoka, "Rebeka, leo ni fundo la juu." Nikaitika. Nikachochea magogo mawili makubwa, halafu nikasikia wasichana wa kwaya wanaimba nje huku wanapukuchua, nikaenda kusimama mlangoni kuwasikiliza. Sikupanda kwenye kigoda. Gitaa lilibaki kwenye fundo la chini. Niliyesahau ni mimi.

Mama ndiye aliyeisikia ile harufu, kutoka uwanjani. Aliingia mbio akanisukuma, akalivuta gitaa kwa mkono mtupu, akalishika pale kwenye chuma kinachobana nyuzi. Hakuliachia. Alitoka nalo mpaka nje ya mlango wa nyuma ndipo akaliweka chini kwenye majani, na ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Kitufe kilikuwa kimelala upande. Mimi nalia. Akaniambia, "Nyamaza. Kaka yako akiuliza, ni mimi."

Ulipotoka kuchunga ulikuwa na fimbo mkononi, na ulikuwa na hasira za ujana, usibishe. Uliuliza nani. Mama akasema, "Ni mimi. Sikuangalia moto." Mkono kauficha ndani ya khanga. Hukumwuliza lingine. Ulikaa siku tatu hujamwamkia, wewe mtu wa shikamoo, na yeye kwa siku tatu hizo alikusongea ugali kwa mkono wa kushoto. Aliyaficha yote mawili: kosa langu na kidonda chake. Mpaka leo kovu liko kwenye kiganja cha kulia, na nadhani hujawahi kumwuliza limetoka wapi.

Kwa hiyo nakubali, sehemu ya uongo huu nimeulea mimi. Ningesema siku ile, ningechapwa fimbo tano na mambo yangeisha. Lakini alichokuambia ni kwamba hakuangalia moto. Hakusema hakulipenda gitaa. Hakusema liungue. Huyo shetani ulimtoa wapi, kaka? Huyo ulimwongeza wewe mwenyewe, mtu mzima na mzee wa kanisa, kwa sababu wenzako walikuwa na shoka na mbuzi na wewe ukaona huna kitu.

Na lililo baya kuliko yote ni hili. Wiki moja kabla sijasikia ile sauti, wifi Marta alinipigia, akampa mama simu. Umeme ulikuwa umerudi dakika ile ile. Nina chuma cha kulehemu mkononi, simu nimeibana kwa bega, wateja watatu wananitazama. Mama akasema, "Rebeka, mwanangu. Naomba unisamehe."

Nikamwambia, "Nini tena mama?"

"Nimesikia nililichoma gitaa lenu. Sikumbuki vizuri, lakini wanasema nililichoma. Nilikuwa mjinga. Unisamehe na wewe, kaka yako nimeshamwomba."

Nilidhani ni yale yake ya siku hizi, anavyoomba radhi kwa kuku waliokufa zamani. Nikasema haraka haraka ili nirudi kazini, "Nimekusamehe mama, usijali kabisa." Akasema, "Ahsante, mwanangu." Nikamsikia anashusha pumzi. Nikarudi kwenye spika yangu.

Nimemsamehe, Yeremia. Mimi niliyeliunguza nimemsamehe yeye aliyelitoa motoni. Na wewe, maana anasema alishakuomba, ulimjibu nini? Ulimpigapiga begani ukamwambia yameisha? Nimekaa kanisani asubuhi hii sikusikia hata somo lililosomwa. Nilikuwa naisikia ile pumzi tu.

Basi fanya hivi, na safari hii mimi mdogo ndiye ninayekuagiza. Nenda kwake asubuhi akishakunywa chai, kabla jua halijawa kali, maana wifi anasema wakati huo akili yake imetulia na anatuita kwa majina yetu. Mchana usijaribu, anachoka. Lishushe gitaa ukutani umwekee mapajani. Aliguse. Mfungue kiganja cha kulia, uweke kidole chako kwenye kovu, halafu umweleze moja baada ya jingine: mtamba, betri, vumbi, mafundo matatu, na siku ya kupukuchua. Mwambie ni Rebeka aliyezidisha kuni. Usimwambie yaishe. Mwambie yalivyokuwa.

Redioni utakwenda baadaye, na utakwenda. Usiogope kwamba watu hawatacheka. Magitaa yaliyopasuliwa kwa shoka yapo mengi, lakini hakuna mwingine huko mwenye mama aliyelifungia gitaa mafundo matatu. Vijana wa ibadani wasikie kwa sauti ile ile iliyowafundisha kumcheka.

Nisalimie wifi Marta, umwambie namshukuru kwa kunieleza ukweli, na asikubali umkasirikie kwa hilo. Nisalimie shangazi na mtoto wake aliyenitumia ile sauti, yeye alifanya kwa nia njema. Mwalimu wa kwaya mwamkie kwa niaba yangu. Wanao waambie shangazi yao anawapenda na anawatafutia nyuzi mpya, na yule wa mwisho nimesikia ameanza kulishika gitaa. Mwache alishike, hata kama ni msichana, hasa kwa kuwa ni msichana.

Mama usimpe salamu zangu kwanza. Akishajua yote, ndipo umpe, na umwambie ile "nimekusamehe" ya kwenye simu ilikosea njia, anirudishie, mimi ndiye ninayeomba. Na kesho yake akiamka amesahau, akaanza tena kukuomba msamaha kwa ajili ya gitaa, usicheke na usichoke. Kaa chini umwambie tena.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ambaye hasira zangu hazijaisha,

Rebeka